Gari la zamani likikata umeme ghafla: fuata njia ya umeme kabla hujakimbilia duka la betri

Ilikuwa Julai, alfajiri, pale Isyonje. Anayeijua barabara ya Uyole kwenda Tukuyu anaijua baridi ya hapo: ukungu umelala barabarani, na mkono ukigusa chuma unauma. Tulikuwa tumemaliza kupakia magunia ya viazi kwenye Hilux yangu ya dizeli, gari la miaka ya 1990. Nikafungua swichi, taa za dashibodi zikawaka. Hita za injini zilipoanza kupasha, taa zile zikafifia kidogo. Niliona, sikujali. Nikazungusha ufunguo kupiga stata. Ikalia "tak!" moja, halafu kimya na giza. Haikuwa stata peke yake. Dashibodi, taa kubwa, redio, honi, vyote vilikatika kwa mpigo, kana kwamba kuna mtu amekata waya kwa mkasi.

Vijana wa mizigo wakasukuma mteremkoni. Injini ikazunguka na kuzunguka, haikushika hata mara moja. Mwishowe mzee mmoja mwenye kibanda cha chai akaja na jiwe mkononi. "Fungua boneti, mwanangu." Akagonga kichwa cha waya kwenye betri, upande wa hasi, mara mbili. Dashibodi ikawaka. Nikapiga stata, gari likanguruma, nikamshukuru nikaondoka.

Nilipofika mjini, fundi wa kwanza alilitazama gari kwa dakika moja. "Betri imekwisha hii, bosi." Nikanunua mpya. Wiki tatu nikaendesha kwa raha zangu. Wiki ya nne, Igurusi, mchana wa jua kali, "tak!" ileile, na giza lilelile.

Aliyenitoa kwenye mkasa huo ni fundi umeme mmoja wa Mwanjelwa, mtu mzima, ambaye kwa nusu saa ya kwanza hakufungua hata nati moja. Alipima tu. Tangu siku hiyo ninatembea na mita ya umeme chini ya kiti, na nimewaona ndugu na marafiki wengi wakibadilisha betri, kisha alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka), kisha stata, wakati ugonjwa uko kwenye kiungo cha waya ambacho hakizidi ukubwa wa kidole gumba. Fedha hiyo inaniuma kuliko wao wanavyodhani, kwa sababu wengi wetu huku gari la zamani ndilo shamba, ndilo duka, ndilo gari la wagonjwa la kijiji.

Kwanza jiulize: limekatika au limefifia?

Kabla ya kushika spana, kumbuka vizuri gari lilivyozima. Jinsi lilivyozima ni ushahidi, na ukishalichokonoa ushahidi huo unapotea.

Alteneta ikiacha kuchaji, gari halifi ghafla. Taa ya chaji huwaka kwenye dashibodi (kama balbu yake ni nzima), kisha unaendelea na safari kwa akiba ya betri. Baada ya muda waipa zinakuwa nzito, taa kubwa zinageuka rangi ya manjano, indiketa inapiga polepole. Mwisho injini ya petroli inaanza kukosa nguvu ya cheche na kuzima. Huko ni kufifia. Sababu yake ni njaa: kinachotumika ni kingi kuliko kinachoingia. Hapo ndipo pa kutazama feni belti, kaboni za alteneta, regulesheni yake (kifaa kinachodhibiti volti) na waya wake mnene.

Kitu kinachokatika kwa sekunde moja ni habari nyingine. Betri nzima haimalizi chaji kwa sekunde moja. Ukiona kila kitu kimekatika kwa pamoja, jua kuna mahali njia imekatika, na kama baadaye umeme umerudi wenyewe, au umerudi baada ya kugongwa, basi njia hiyo haijakatika kabisa. Kuna kiungo kinachoshika na kuachia. Mzee wa chai alikuwa ameshanipa jibu zima kwa jiwe lake. Mimi na fundi wa kwanza hatukumsikiliza.

Swali la pili ni hili: lilikatika likiwa limesimama au likiwa linatembea? Watu wengi hawalipi uzito, nalo ndilo linalogawa washukiwa. Injini ikiwa inazunguka kuna vyanzo viwili vya umeme, betri na alteneta. Kichwa cha waya kikiachia kwenye betri wakati huo, mara nyingi alteneta inaendelea kulibeba gari na dereva hajui lolote mpaka atakapozima. Kwa hiyo kama uko kwenye mteremko wa Kitonga na taa, dashibodi na injini vyote vimekatika pamoja, usianze na betri. Tafuta mahali ambapo umeme wa vyanzo vyote viwili unapita kwenda ndani ya gari: fyuzi kuu iliyo karibu na betri, soketi yake, au swichi ya ufunguo. Lakini kama lilikuwa limesimama, ukapiga stata na ndipo giza likaingia, anza palepale kwenye betri, kwenye nguzo zake mbili na vichwa vya nyaya vilivyozishika.

Na kwa nini kusukuma hakukusaidia Isyonje? Watu husema dizeli haihitaji umeme. Ni kweli kwa injini nyingine za zamani sana ambazo zinazimwa kwa kuvuta waya wa mkono. Pampu ya Hilux yangu, kama pampu nyingi za dizeli za rika lake, ina solenoidi ndogo inayofungua njia ya mafuta ikipata volti 12. Umeme ukikatika, springi ndani yake inaifunga njia. Unaweza kusukuma gari hadi Tukuyu, mafuta hayatapita. Alteneta nayo ilihitaji umeme kidogo wa kuianzishia, nao haukuwapo. Ukisukuma dizeli ya aina hii huku dashibodi imekufa, unawachosha vijana bure.

Ikikutokea barabarani usiku, usalama uje kwanza. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na pumzi ya kukanyaga mara moja au mbili. Ikanyage mara moja kwa nguvu na uishikilie hadi gari lisimame, usiipampu. Weka pembetatu, na kama huna, vunja matawi uyapange mbali nyuma ya gari kama madereva wa huku tunavyofanya. Malori ya kwenda Tunduma na Kasumulu hayaoni gari lisilo na taa.

Maji ya Usangu na umeme wa gari

Sasa nieleze jambo ambalo yule mzee wa Mwanjelwa alinieleza kwa mfano wa mashamba ya mpunga, maana aliwahi kulima Mbarali, kwenye bonde la Usangu.

Fikiria mfereji unaotoka kwenye banio mtoni hadi kwenye jaruba lako. Katikati ya mfereji matope yamejaa, imebaki nafasi ndogo kama tundu la panya. Siku ambayo mlango wa jaruba lako umefungwa, maji yatapenya polepole kwenye tundu hilo mpaka kina kilingane pande zote mbili za matope. Ukienda na fimbo kupima utasema mfereji ni mzima. Fungua mlango wa jaruba, maji yaanze kutembea, na hapo upande wa juu wa matope maji yanabaki kina kilekile, upande wa chini yanashuka hadi miguuni. Ugonjwa umeonekana kwa sababu maji yanatembea.

Umeme ni hivyohivyo. Volti ndizo kina cha maji, ampea ndizo wingi wa maji yanayopita, na kutu ndiyo matope. Unapopima kiungo kibovu hali ya kuwa vitu vyote vimezimwa, mita inaonyesha volti 12.6 kila mahali, na fundi anasema "umeme upo". Upo kweli, lakini haupiti. Ndiyo maana taa ndogo ya dashibodi inaweza kuwaka vizuri, lakini ukiita stata kila kitu kinakufa. Taa ya dashibodi inaomba kikombe cha maji, stata inaomba mto mzima.

Tuweke hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja hutumia kama ampea 10 kwa pamoja. Stata ya injini ya dizeli ya pikapu, yenye nguvu ya kilowati 2 hivi, inaweza kula ampea 200 na zaidi. Kanuni ni ile iliyochapishwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea kwenye kiungo ni ampea zinazopita mara ukinzani wa kiungo hicho. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.4, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida ni shida hata kukisoma sawasawa. Washa taa kubwa: ampea 10 mara 0.4 ni karibu volti 4 zilizopotea. Taa zinabaki na volti 8 hivi, zinawaka kama utambi. Sasa piga stata. Hata kama volti zote 12 zingeishia kwenye kiungo hicho, zingepita ampea 30 tu, na stata inataka 200. Haizunguki. Inavuta sumaku yake mara moja, "tak!", volti zinaanguka, sumaku inaachia, na kila kitu kilichokuwa kinategemea njia hiyo kinakosa umeme kwa mkupuo.

Na volti zinazopotea haziendi hewani. Zinageuka joto. Volti 4 kwa ampea 10 ni wati 40, karibu joto la balbu ya zamani ya chumbani, limejikusanya kwenye kipande cha risasi na shaba. Ukiwasha taa dakika mbili kisha ukagusa viungo kimoja kimoja, kile chenye joto ndicho mshukiwa. Hapa huhitaji hata mita.

Jinsi mzee wa Mwanjelwa alivyopima

Alianza kwa kuweka ncha za mita kwenye nguzo za betri zenyewe, risasi kwa risasi, si kwenye vichwa vya nyaya. Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mita ikasema 12.6. Betri nzima iliyojaa husoma hapo hapo, 12.6 au 12.7, ikiwa imetulia bila kuchajiwa kwa saa kadhaa. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 imekwisha. (Magari yenye betri mbili za mfululizo, kama malori mengi na baadhi ya Land Cruiser, zidisha mara mbili.)

Akaniambia, "Kaa ndani. Nikisema piga, piga."

Nikapiga. Tak. Mita haikushuka. Ikabaki 12.5.

Hapo akacheka na kuniita nishuke nione. Stata inapoombwa, betri nzima inashuka hadi volti 10 hivi au 11, na injini inazunguka. Betri iliyochoka inaanguka chini ya 9, hata 6, na stata inalia kwa tabu. Lakini betri ambayo haishuki kabisa maana yake hakuna kinachotoka. Umeme haujaondoka pale ulipo. Betri, iwe mpya au ya zamani, imeshasafishiwa jina. Ningelijua kipimo hiki kimoja wiki nne nyuma, ningebaki na fedha yangu.

Kisha akahamisha ncha. Nyeusi akaiacha kwenye nguzo ya hasi, nyekundu akaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini, mahali pasipo na rangi wala mafuta. Akaniambia niwashe taa kubwa. Watu wengi wanashangaa kipimo hiki, kwa sababu ncha zote mbili ziko upande mmoja, upande wa hasi, na wanatarajia sifuri. Ndiyo hivyo hasa. Mita inapima tofauti ya kina kati ya sehemu mbili, na kati ya mwanzo na mwisho wa waya mzima haitakiwi kuwapo tofauti. Ukiona volti 0.1 au 0.2 taa zikiwa zinawaka, usijali sana. Wakati wa kupiga stata unaweza kuvumilia hadi 0.5. Kwenye gari langu mita ilisema 3.9, na alipoutikisa waya namba zikaanza kucheza: 3.9, 0.8, 6, 2.

Akasogea sasa hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta matope. Nguzo ya betri hadi kichwa cha waya: karibu sifuri. Kichwa cha waya hadi sentimita kumi mbele: volti zote zilikuwa hapo. Akachana ngozi nyeusi ya waya kwa kisu. Ndani, pale shaba inapoingia kwenye kichwa, hapakuwa na shaba. Palikuwa na unga wa kijani kama ukungu wa mkate, na nyuzi tano au sita za waya zilizobaki zinang'aa kwa kuungua. Kwa nje waya ulikuwa mweusi, mnene, mzuri kabisa.

Asidi ya betri hupanda kwa mvuke na jasho kupitia kwenye nyuzi, ikaila shaba kutoka ndani. Betri ya risasi na asidi ni teknolojia ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, na tabia hiyo ya kuvuja mvuke tumeirithi pamoja nayo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni zile wiki tatu za raha. Kwa nini betri mpya ilionekana kuponya? Mzee alinielekeza kwenye mikono ya fundi wa kwanza. Ili aweke betri mpya ilibidi afungue kichwa cha waya, akikune, akikaze upya, autikise na kuukunja waya. Nyuzi zilizokuwa zimeachana zikagusana tena. Kilichoponya ni kutikiswa, na sifa akapewa betri. Kosa hili linajirudia kila siku kwenye gereji zetu. Karibu kila spea unayobadilisha kwenye mfumo wa umeme inakulazimisha kufungua na kufunga viungo, kwa hiyo hata spea isiyohusika inaweza kulitengeneza gari kwa muda, na wewe unalipa ukiwa umeshawishika kabisa.

Ethi, upande unaosahauliwa

Tuna mazoea ya kufikiri kwamba umeme unatoka chanya, unafika kwenye taa, kazi imekwisha. Unatakiwa kurudi. Katika gari unarudi kupitia bodi na injini, ndicho tunachokiita ethi, na katika gari la zamani mimi huanza kushuku huko kabla ya upande wa chanya.

Injini imekaa juu ya mauntini za mpira. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo injini na bodi zimetengana mpaka ziunganishwe kwa waya au mkanda wa shaba iliyosukwa. Mkanda huo ni wa kwanza kusahauliwa injini ikishushwa kwa ukarabati na kurudishwa. Ukikosekana, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudia: waya wa kuvutia mafuta, nyaya ndogo za sensa, hata fimbo ya gia. Ukiona waya wa mafuta unapata moto au ngozi yake imeyeyuka, usinunue mwingine kabla hujautafuta mkanda wa ethi. Dalili nyingine ni vituko: unawasha indiketa, taa za dashibodi zinapepesa, unakanyaga breki, taa ya pakingi inafifia upande mmoja. Umeme unarudi kupitia mlango wa jirani.

Adui mwingine ni rangi. Gari linapelekwa kunyooshwa bodi, linapigwa rangi nzuri, na fundi rangi anapuliza hata pale bolti ya ethi inapokaa. Bolti inafungwa juu ya rangi. Kwa miezi kadhaa ncha za bolti zinashika kwenye uzi wake, kisha mvua za Machi za Tukuyu zinaingia, kutu inaanza, na taa zinaanza kuzima na kuwaka. Dawa ni msasa tu: fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi kwa juu kuzuia maji.

Kuna njia ya haraka ya kuthibitisha ukiwa porini bila mita. Chukua waya mmoja wa kubustia (wa kuazimia umeme wa betri ya gari jingine), shika nguzo ya hasi ya betri kwa ncha moja, na ncha nyingine ishikishe kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Ikizunguka, umeshajua: njia ya hasi ndiyo mbovu, na unaweza kufika nyumbani. Ndiyo maana pia wakati wa kubusti nashauri ncha ya hasi ikae kwenye injini ya gari lililozima, si kwenye betri yake. Kuna faida ya pili, nayo ni cheche: betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na cheche ya mwisho hutakiwi kuipiga juu yake.

Vichwa vya nyaya navyo vina kisa chao. Betri za Kijapani zipo zenye nguzo nyembamba na zenye nguzo nene. Ukinunua betri ya nguzo nyembamba kwa kichwa kilichozoea nene, hakibani. Mtaani wanachomeka msumari au kipande cha bati katikati. Kinashika siku hiyo, kisha kinaachia kwenye tuta la kwanza. Nunua kichwa cha saizi yake. Ukiona unga mweupe au wa kijani, mwagia maji ya moto yaliyokorogwa magadi, yaleyale ya kupikia makande. Yanaua asidi kwa kuchemka povu. Hakikisha tu hayaingii ndani ya betri. Unapofungua anza na hasi, unapofunga maliza na hasi. Spana ikiteleza ukiwa unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, ikagusa bodi, inageuka nyekundu mkononi.

Fyuzi, na waya unaonyooka kama mpira

Kama lilikatika likiwa linatembea, njoo huku. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina fyuzi kuu za waya karibu na nguzo ya chanya: vipande vifupi vya waya vilivyotengenezwa viungue kabla nyaya nyingine hazijaungua. Ngozi yake haishiki moto kirahisi, kwa hiyo ikiungua ndani, kwa nje inaweza kuonekana nzima. Ishike ncha mbili uivute taratibu. Ikinyooka kama mpira, shaba ndani imekwisha. Usiweke waya wa kawaida mahali pake. Fyuzi haipo kuilinda taa, ipo kuulinda waya usiwashe gari, na kitu kilichoiunguza bado kipo mahali fulani, waya umechubuka ukagusa bodi. Karatasi ya sigara na waya wa spika kwenye sanduku la fyuzi vimeteketeza magari ambayo kosa lake lilikuwa waya mmoja wa taa ya nyuma.

Kama honi, hazadi na taa za pakingi zinafanya kazi, lakini hakuna kinachowaka ukifungua ufunguo, mshukiwa ni swichi ya ufunguo au fyuzi inayoilisha. Katika magari mengi ya zamani honi na hazadi hazipiti kwenye ufunguo, ndiyo maana kuzijaribu kunakupa jibu kwa sekunde tano. Swichi hizo zimebeba umeme mwingi kwa miaka thelathini, na vishikizo vyake vya ndani vinaungua. Ukiuchezesha ufunguo kidogo na dashibodi ikawaka na kuzima, umeipata. Kama kimekufa kitu kimoja tu, fuata fyuzi yake, rilei yake na ethi yake, uache mengine.

Na tafadhali, usikubali fundi avue kichwa cha betri injini ikinguruma ili "kuona kama alteneta inachaji". Najua ni kipimo cha zamani na mafundi wazuri wamekulia nacho. Betri ndiyo inayotuliza alteneta. Ukiivua ghafla, volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo, mara kadhaa ya kawaida, na zinaweza kuua regulesheni, dayodi za alteneta au kompyuta ya injini kama ipo. Weka mita kwenye nguzo injini ikiwa inazunguka: ukiona kati ya 13.8 na 14.5, inachaji. Washa taa na feni, ikibaki juu ya 13, ina nguvu. Kipimo hicho hakimdhuru mtu.

Baridi nayo isingiziwe kwa kiasi chake. Juni na Julai, Makete, Njombe, Mafinga, na juu Kitulo ambako ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, barafu hulala kwenye majani. Kemia ya betri inapungua kasi, na oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo stata inaomba zaidi wakati betri inatoa kidogo. Kiungo kilichokuwa kikivumilika Machi kinashindwa Julai. Ndiyo maana gari langu lilizima mara ya kwanza Isyonje alfajiri na si mchana mjini. Lakini baridi haikuleta ule unga wa kijani. Iliufichua tu, na zile taa za dashibodi zilizofifia wakati hita zinapasha zilikuwa zinanieleza hivyohivyo kabla ya stata kulia.

Mzee alikata waya mpya mnene kama ule wa mashine ya kuchomelea, akaubana kichwa cha shaba kwa koleo la mafundi, akakiyeyushia risasi ili asidi isipate pa kuingilia, akapitisha mwingine kutoka injini hadi bodi kwenye chuma alichokikwangua kwa msasa. Tukapima tena, taa kubwa zikiwa zinawaka: 0.04. Nikapiga stata, mita ikashuka hadi 10.6, injini ikashika kabla sijatoa pumzi.

Nilimuuliza kuhusu betri ya kwanza, ile niliyoambiwa imekufa, ambayo ilikuwa bado nyuma ya gari imefunikwa gunia. Aliiweka kwenye chaja usiku kucha, asubuhi akaipima kwa mzigo. Ilikuwa nzima.